Hamira Haifuati Saa: Mkate wa Sikukuu Ndani ya Mashine ya Mkate

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mlioketi mbele, shikamooni. Mama zangu, kaka na dada zangu mnaooka majumbani na mnaouza mitaani kwenu, habari za asubuhi. Nimeombwa nizungumze juu ya mkate wa sikukuu unaookwa kwa mashine ya mkate, na nimekubali kwa furaha, kwa sababu mashine hizi zimeingia katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, baadhi zikinunuliwa madukani na baadhi zikiletwa na jamaa walioko ng'ambo, na si chache kati yake ambazo siku hizi hukaa juu ya kabati zikikusanya vumbi. Sababu ninayoielezwa kila mara ni ile ile: mkate mweupe wa kila siku hutoka vizuri, lakini mashine ikipewa mayai, siagi, sukari na zabibu kwa ajili ya Krismasi au Idi, hutoa mkate mfupi, mzito, ulioungua pembeni na usioiva katikati. Lalamiko hilo ni la kweli, ila hukumu inayofuata baada yake, kwamba mashine haiwezi kazi ya sikukuu, si ya haki, na leo nataka kuipinga.

Hoja yangu ni moja, na naitanguliza ili kila nitakachoeleza mkipime kwayo. Mashine ya mkate hufuata saa, na hamira haifuati saa. Ukishabonyeza kitufe, mashine huhesabu dakika: itakanda, itaacha donge liumuke, italivunja na kulikanda tena kidogo, itaacha liumuke mara ya mwisho, kisha itawasha moto, donge liwe limejaa au halijajaa. Hamira ni kiumbe hai, na kasi yake hutegemea joto lililoizunguka, maji iliyoyapata, na kiasi cha sukari na chumvi ilichochanganywa nacho. Waliopanga dakika za mashine walikadiria mwendo wa hamira ndani ya mkate wa kawaida, katika jiko lenye joto la wastani. Mkate wa sikukuu huvuruga makadirio hayo kwa upande mmoja, na joto letu la Desemba huyavuruga kwa upande wa pili, kwa hiyo ufundi unaotakiwa kwetu ni kuupatanisha mwendo wa hamira na mwendo wa saa.

Huenda mtu akauliza kwa nini tusiupunguzie mkate huo siagi na sukari, tukamaliza ugomvi. Jibu liko katika historia yake. Sisi watu wa pwani tunajua kwamba baada ya mwezi wa mfungo meza ya Idi huandaliwa kwa vitu vilivyotiwa tui, samli, mayai na iliki, kwa sababu sikukuu ni kufunguliwa kwa kilichokuwa kimefungwa. Mikate mingi ya sikukuu ya Wakristo wa Ulaya ilizaliwa kwa namna hiyo hiyo. Majuma ya Majilio, yanayotangulia Krismasi, zamani yalikuwa majuma ya kufunga, na Kanisa lilikataza siagi na maziwa katika siku hizo. Waokaji wa Saxony, huko Ujerumani, walilazimika kutengeneza mkate wao wa Krismasi kwa mafuta ya mimea, na mkate ulikuwa mkavu na duni hata watawala wao wakapeleka maombi Roma, mpaka mwaka 1491 Papa Innocent VIII alipotoa barua ya kuruhusu siagi itumike. Tsoureki ya Wagiriki na kulich ya Warusi ni mikate ya Pasaka inayofuata Kwaresima ndefu isiyo na mayai wala maziwa, na ndiyo maana imejaa vyote viwili. Kwa hiyo utajiri wa mkate huu ndio sikukuu yenyewe, na anayeuondoa amebaki na mkate wa kifungua kinywa wenye zabibu. Tunapaswa kuubeba utajiri huo, lakini tuubebe kwa kiasi ambacho hamira na mashine vinaweza kukihimili.

Sasa tutazame utajiri huo unafanya nini ndani ya donge. Sukari kidogo huchangamsha hamira, lakini sukari ikizidi takriban asilimia 10 ya uzito wa unga huanza kuyavuta maji kutoka katika chembe za hamira, na hamira iliyonyang'anywa maji hupunguza kazi. Siagi huzipaka protini za unga mafuta, na protini hizo zinapopakwa mafuta mapema hushindwa kushikana upesi na kuwa gluteni, yaani ule utando unaonyumbuka na kuuzuia upepo wa hamira usitoke. Mayai kwa kweli ni rafiki, kwa sababu kiini chake husaidia mafuta na maji kuchanganyika na ute wake huupa mkate mhimili unapoiva, ila nayo huongeza majimaji ambayo lazima yahesabiwe. Zabibu na maganda ya machungwa yaliyopikwa kwa sukari huongeza uzito na kuukata utando huo wa gluteni. Ukiviweka vyote pamoja, donge linaloumuka kwa saa moja katika mkate wa kawaida linaweza kuhitaji saa moja na nusu au mbili, ilhali mashine imekwisha kuwasha moto.

Nisingependa mtu aondoke hapa akiidharau mashine, kwa hiyo niruhusuni nieleze ilivyopatikana. Katikati ya miaka ya 1980, wahandisi wa kampuni ya Matsushita mjini Osaka, Japani, walikuwa wakihangaika na mashine ya mkate ya nyumbani ambayo ilikuwa ikiunguza ganda huku ndani ukibaki mbichi. Walifika hadi kupiga picha za eksirei donge lililokandwa na mashine na donge lililokandwa na waokaji, wakazilinganisha, wasione jibu. Mmoja wao, Ikuko Tanaka, aliyekuwa mtengenezaji wa programu, alikwenda kujifunza kwa mwokaji mkuu wa hoteli ya Osaka International, iliyosifika kwa mkate wake, na huko akaona kwamba mwokaji yule hakuwa akilikanda donge tu, bali alikuwa akilivuta na kulisokota kwa namna ya pekee. Baada ya kufanya kazi na wahandisi kwa muda wa mwaka mzima wa majaribio, walitia mbavu maalumu ndani ya chombo cha mashine ili donge livutwe na kusokotwa vile vile, na mashine ikafanikiwa sokoni. Mimi naiheshimu habari hii kwa sababu inaonyesha kwamba ndani ya mashine mnayoidharau kuna ujuzi wa mikono ya mwokaji halisi. Kilichobaki kwa mwokaji yule, ambacho mashine nyingi hazina, ni macho yake ya kulitazama donge na kusema bado, au kusema tayari. Macho hayo inabidi tuyatoe sisi.

Baada ya hapo linakuja suala la kuchagua mkate, na hapa ndipo wengi huharibikiwa kabla hawajapima hata gramu moja. Watu huona picha ya panettone ya Milano, ule mkate wa Krismasi wa Italia, ndefu na nyepesi kama sufi, wakataka mashine iwape hiyo. Panettone halisi kwa sheria ya Italia ya mwaka 2005 haina budi kuumuliwa kwa chachu ya asili, iwe na mafuta ya siagi yasiyopungua asilimia 16 na matunda yasiyopungua asilimia 20, na donge lake huumuka kwa saa nyingi, kwa awamu, kisha ukitoka motoni hutundikwa kichwa chini ili usibonyee. Hakuna programu ya mashine ya nyumbani iliyopangiwa safari hiyo. Stollen ya Dresden, mji wa Saxony, ule mkate wa barua ya Papa, siku hizi kwa kila sehemu 100 za unga hutiwa siagi isiyopungua sehemu 50 na zabibu sehemu 65, mbali na maganda ya machungwa na lozi, nao hukunjwa kwa mkono na kuokwa bila chombo. Mashine inaweza kumsaidia mtu kukanda sehemu ya kwanza ya kazi hiyo, lakini kuuoka humo hadi mwisho ni kuilazimisha.

Mkate ninaowashauri ni julekake ya Norwe. Huu ni mkate wa Krismasi wa majumbani, wenye maziwa, siagi ya wastani, zabibu, maganda ya matunda jamii ya ndimu yaliyopikwa kwa sukari, na iliki nyingi. Wanorwe waliohamia Marekani katika karne ya 19 waliuchukua hadi Minnesota na Wisconsin, na wajukuu wao bado wanauoka kila Desemba. Kwao huliwa kwa siagi na jibini ya rangi ya kahawia, na kwetu unakwenda vizuri na chai ya maziwa. Naupenda kwa sababu mbili. Kwanza, utajiri wake ni ule ambao hamira ya kawaida na mashine ya kawaida vinaweza kuubeba. Pili, harufu yake ni harufu ya nyumbani kwetu: iliki tunayoitia kwenye mandazi na vitumbua, iliki inayolimwa hapa nchini katika milima ya Usambara Mashariki, ndiyo hiyo hiyo inayotambulisha Krismasi katika nyumba za Norwe. Hakuna haja ya kuubadili ili uwe wetu. Na Mwislamu anayetaka kuuoka kwa ajili ya Idi hana cha kuondoa ndani yake, mradi ahakikishe matunda aliyonunua hayakulowekwa katika pombe, kwani baadhi ya matunda ya mikate ya Krismasi hulowekwa humo.

Kwa mashine inayotoa mkate wa gramu 900, nawapa kipimo hiki: unga wa ngano gramu 400, maziwa mililita 200, yai moja, siagi gramu 60, sukari gramu 60, chumvi gramu 6, hamira ya chembechembe gramu 6, iliki iliyosagwa kijiko kimoja na nusu cha chai, zabibu kavu gramu 80 na maganda ya machungwa yaliyopikwa kwa sukari gramu 40. Mkihesabu mtaona kwamba siagi ni asilimia 15 ya uzito wa unga, na sukari vivyo hivyo, yaani tumevuka kidogo kile kiwango ambacho hamira huanza kulegea, lakini hatukuvuka hadi ishindwe. Ukivipima kwa kikombe, hesabu hii yote inapotea, kwa sababu kikombe kimoja cha unga kinaweza kuwa na gramu 120 kikijazwa taratibu au gramu 150 kikishindiliwa. Mizani ndogo ya jikoni ni lazima kuliko kifaa kingine chochote isipokuwa mashine yenyewe. Nasema hivyo pia kuhusu hamira: pakiti ndogo za dukani mara nyingi huwa na gramu 10 au 11, na mtu anayemwaga pakiti nzima katika joto la Dar es Salaam atapata mkate unaopanda hadi kugusa kifuniko kisha ukabonyea katikati.

Unga uwe wa kuokea mikate, wenye nguvu. Geuza pakiti usome jedwali la virutubisho, na ukikuta protini gramu 11 au zaidi katika kila gramu 100, huo unafaa. Unga uliokwisha kuchanganywa na baking powder, unaouzwa kwa ajili ya keki, usiutumie kabisa.

Maziwa yanahitaji maelezo zaidi, kwa sababu hapa maelekezo yaliyoandikwa Ulaya yanatupotosha. Kule mwokaji huambiwa ayapashe maziwa moto kidogo, kwa kuwa jiko lake mwezi wa Desemba ni la baridi. Sisi tuna Desemba ambayo nyuzijoto mchana hupita 30, na juu ya hapo ule msuguano wa kukanda peke yake hulipandisha donge nyuzi kadhaa. Donge linalotakiwa litoke kwenye kukandwa likiwa na nyuzijoto kati ya 24 na 27. Kwa hiyo tumieni maziwa yaliyotoka kwenye friji, na yai la kwenye friji, na siku ya joto kali hata unga uwekwe ndani ya friji kwa saa moja kabla. Maziwa mabichi yachemshwe kwanza hadi karibu kutokota kisha yapozwe, si kwa ajili ya vijidudu tu, bali kwa sababu maziwa yasiyochemshwa yana viambato vinavyolegeza gluteni. Maziwa ya unga nayo ni sawa kabisa, gramu 20 kwa mililita 200 za maji baridi.

Mpangilio wa kutia vitu ndani ya chombo ufuate kijitabu cha mashine yako, maana baadhi huanza na majimaji na nyingine huanza na hamira chini kabisa. Lililo muhimu ni hamira isikutane na chumvi wala majimaji kabla kazi haijaanza. Siagi msiitie mwanzoni. Acheni mashine ikande unga, maziwa na yai kwa dakika tano hadi kumi, gluteni ianze kushikana, ndipo mfungue kifuniko na kudondosha siagi laini vipande vipande. Watu huogopa kufungua kifuniko. Wakati wa kukanda hakuna madhara yoyote, na huo ndio wakati wa kutumia macho na kidole. Donge likiwa limejikusanya, laini, likinatanata kidogo chini tu ya chombo, liko sawa. Likiwa gumu na mashine inanguruma, ongeza maziwa kijiko kimoja cha chai. Likiwa uji uji, ongeza unga kijiko kimoja cha chakula, subiri dakika mbili, kisha tazama tena. Kifuniko kisifunguliwe ovyo katika kuumuka kwa mwisho, wala kabisa wakati wa kuoka.

Viungo navyo vina tabia zake. Iliki isagwe siku hiyo hiyo, kwa sababu iliyosagwa zamani hupoteza harufu, na mkate huu bila harufu ya iliki umekosa jina lake. Mdalasini hupunguza kasi ya hamira ukitiwa mwingi ndani ya donge, kwa hiyo anayeupenda aunyunyize juu ya kipande akila. Tangawizi mbichi, nanasi bichi na papai bichi msivitie kabisa, kwa sababu vina vimeng'enya vinavyovunja protini, vile vile ambavyo mama zetu huvitumia kulainisha nyama, na gluteni nayo ni protini. Vikipikwa vizuri kwa sukari kwanza, nguvu hiyo hufa kwa joto, na nanasi lililopikwa hivyo ni zuri sana mahali pa maganda ya machungwa ambayo si rahisi kuyapata madukani. Anayetaka maganda anaweza kuyatengeneza mwenyewe: achemshe maganda ya machungwa mara mbili au tatu akimwaga maji ili uchungu utoke, kisha ayapike taratibu katika sukari na maji ya kiasi sawa mpaka yaonyeshe mwanga, ayaanike.

Zabibu zilowekwe katika maji ya uvuguvugu au chai kwa dakika ishirini, zikaushwe barabara kwa kitambaa, na zipakwe unga kijiko kimoja uliotolewa katika zile gramu 400. Zabibu kavu isiyolowekwa hunyonya maji ya donge, na iliyolowekwa bila kukaushwa hulimwagia donge maji. Matunda yaingie mashine inapolia kuyaomba, au, kwa mashine isiyolia, dakika tano kabla ya kukanda kwa kwanza kumalizika. Yakitiwa mapema, mkono wa kukandia, yaani kile kipande kinachozunguka chini ya chombo, huyasaga, sukari yake inatoka ndani ya donge, na hamira inaelemewa na sukari ambayo hatukuihesabu.

Programu iwe ya mkate mtamu, na rangi ya ganda iwe nyepesi, kwa kuwa sukari na maziwa huwahi kubadilika rangi na programu ya kawaida itauchoma nje. Programu ya haraka isiguswe. Kitufe cha kuchelewesha, kile kinachomwezesha mtu kupanga usiku ili mkate uive alfajiri, ni kizuri kwa mkate wa maji na unga, lakini mayai na maziwa yanayolala katika jiko la nyuzijoto 28 usiku kucha ni hatari kwa afya ya familia, na nawasihi msifanye hivyo hata kwa pirika za mkesha wa Krismasi.

Nimesema kwamba mashine haina macho, na sasa nifikie jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote niliyokwisha kueleza. Mashine nyingi zina programu mbili ambazo watu hawazitumii: moja ya donge peke yake, inayokanda na kuumua kisha ikasimama, na nyingine ya kuoka peke yake. Ukizitumia hizo mbili badala ya programu moja ndefu, umeiondolea mashine saa yake na kuiacha na mikono yake na moto wake. Kandeni kwa programu ya donge. Ikimaliza, toeni donge, litoeni upepo taratibu kwa kiganja, toeni na ule mkono wa kukandia ili usiache tundu chini ya mkate, lifinyangeni donge liwe refu kiasi cha chombo, lirudisheni, mfunike, mashine ikiwa imezimwa. Kisha subirini. Joto la jiko letu linatosha. Donge likipanda mpaka likabakiza upana wa vidole viwili kufikia ukingo wa chombo, na ukilibonyeza pembeni kwa ncha ya kidole shimo likirudi polepole bila kujaa kabisa, washeni programu ya kuoka. Siku moja itakuwa dakika arobaini, siku nyingine saa moja na robo, na zote mbili ni sahihi, kwa sababu aliyeamua ni donge. Mkate uliopangiwa moto kwa njia hii huwa mrefu, ndani laini, na zabibu zimesambaa vizuri, na kwa anayeuza, huo ndio mkate unaomrudisha mteja.

Wenzetu wa Arusha, Mbeya na Nairobi wana jambo la kuongeza. Huko juu, karibu mita 1,400 kwa Arusha na kati ya 1,700 na 1,800 kwa Mbeya na Nairobi, hewa ni nyepesi, upepo wa hamira hukutana na kizuizi kidogo, na donge huumuka upesi zaidi hata kama nje kuna baridi, kwa kuwa mashine hujipasha joto yenyewe wakati wa kuumua. Wapunguze hamira kwa robo, waongeze maziwa kijiko kimoja au viwili kwa kuwa unga hukauka zaidi, na wao wanaweza kutumia maziwa yasiyo ya friji.

Kuhusu umeme, kwanza angalieni kibati kilichoko chini ya mashine. Iliyonunuliwa Marekani kwa kawaida ni ya volti 120, na umeme wetu ni wa volti 230, kwa hiyo bila transfoma inayostahimili wati zake itaungua mara moja. Pili, umeme ukikatika. Baadhi ya mashine hukumbuka zilipofikia kwa dakika chache tu, nyingine hazikumbuki kabisa na zikiwashwa huanza upya, na kulikanda upya donge lililokwisha kuumuka na kutiwa matunda ni kuliharibu. Umeme ukikatika wakati wa kuumuka, msiwe na hofu, kwa sababu hamira haihitaji umeme. Chomoeni waya, liacheni donge liendelee, na umeme ukirudi tumieni programu ya kuoka peke yake. Ukikatika wakati wa kuoka, hapo hakuna kusubiri. Uhamisheni mkate pamoja na chombo chake, baada ya kuhakikisha hakina sehemu ya plastiki, ndani ya oveni ya gesi, au ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga mkavu chini, mfunike na mpalie makaa juu na chini, kama mama zetu wanavyopalia mkate wa sinia. Moto wa juu uzidi wa chini kidogo, na upunguzwe mara ganda likishika rangi.

Mkate umeiva pale katikati yake panapofika nyuzijoto 90, na kipimajoto cha jikoni si cha bei kubwa kwa anayeoka kila wiki. Asiye nacho achome kijiti kirefu hadi chini: kikitoka na donge, aongeze dakika tano tano. Mkiutoa, usikae ndani ya chombo zaidi ya dakika tano, maana mvuke hurudi kwenye ganda na kulilowesha, na usikatwe kabla ya saa moja kupita juu ya waya, kwa sababu ndani bado unaendelea kujikaza, na kisu kinachoingia mapema huufanya uonekane mbichi hata kama umeiva.

Kwa unyevunyevu wa pwani, mkate wa maziwa na matunda huota ukungu mapema. Uliwe ndani ya siku mbili, ukiwa umefungwa baada ya kupoa kabisa, na utakaobaki ukatwe vipande na kuwekwa kwenye friza, kisha kila kipande kipashwe moto juu ya kikaango kikavu siku ya kuliwa. Friji ya kawaida msiutie, kwa sababu baridi yake huuharakisha mkate kuwa mkavu kuliko hewa ya jikoni. Anayeoka kwa ajili ya Krismasi aoke jioni ya tarehe 24, na anayepokea oda nyingi aanze tarehe 20 akiweka mikate iliyopoa na kufungwa vizuri katika friza, aitoe usiku wa kuamkia siku ya kuikabidhi, iyeyuke ikiwa bado ndani ya mifuko yake.

Ndugu Mwenyekiti, nimemaliza niliyokuwa nayo. Nimeona mikono imekwisha kuinuliwa upande wa kina mama, na naomba tuanze na maswali yao.